Siku Nilipovifukiza Vitenge vya Madam Odile

Kitenge kipya kina harufu yake. Wasiokijua watasema ni harufu ya duka, au ya nailoni kilimofungiwa, lakini sisi tuliokulia katikati ya majora tunaijua vizuri. Ni harufu ya wanga, na ya rangi iliyokauka juzi, na kwa nyuma kabisa kitu kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Wiki iliyopita nilimpelekea Mama kitenge cha Idi nyumbani kwake Ilala, na nilipochana ile nailoni sebuleni, harufu ikanipanda puani, nikasimama na mkasi mkononi kama mtu aliyesahau alichokijia. Nikarudi darasa la tano pale pale. Na kila nikirudi huko huwa naona aibu, maana kuna jambo nililifanya katika umri ule ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Nawasimulia ninyi leo, na nitawaomba msinicheke kabla sijamaliza.

Mama alikuwa na fremu ya duka Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Fremu yenyewe ndogo, mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Alikuja mjini kutoka Kilwa pamoja na Bibi, akaanza kwa kutembeza khanga mlango kwa mlango, mpaka akapata mlango wake mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache na methali nyingi. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," aliwaambia mawinga, wale vijana wanaosimama barabarani kuwavuta wateja na kuwapeleka kwenye maduka waliyopatana nayo. Yeye hakuwapa nafasi mawinga, nao hawakumpenda.

Wateja wake wakubwa walikuwa Wakongo. Wengi walitoka Lubumbashi na Bukavu na Kiswahili chao kilichotuchekesha, na wao wakacheka chetu, biashara ikaenda. Madam Odile alikuwa tofauti na wenzake. Yeye alitoka Mbuji-Mayi, ambako, kama tulivyokuja kujua, mtu anaweza kuzeeka bila kuhitaji Kiswahili. Alikuwa na maneno matatu tu ya kwetu, karibu, asante na hapana, na lile la kwanza alilitumia wakati wa kuondoka. Alikuwa mrefu, mnene wa heshima, na kilemba chake kilikaribia kugusa dari yetu. Alikuja kila baada ya miezi miwili au mitatu, na alinunua kwa majora, si kwa vipande. Mwezi aliokuja Madam Odile tulikula pilau hata siku ambazo hazikuwa Ijumaa.

Mimi nilimpenda kwa sababu ya mwendo wake. Alitembea polepole, mguu ukitangulia kuigusa sakafu kidogo kabla ya kukanyaga, kichwa kimenyooka, kama mtu anayejua kwamba wanaomngoja watangoja. Nikaamua kwamba ndivyo wanavyotembea wanawake wakubwa duniani. Nikajifunza. Siku moja Mama alinikuta naingia dukani kwa mwendo ule, mguu mbele, shingo juu, akanifinya mkono mpaka nikapiga yowe.

"Usimwige, Somoe. Umesikia?"

Nilidhani ananifundisha adabu ya kutowaiga wageni. Nikanuna siku nzima.

Sasa, kuhusu lugha. Mama aliona siku ya pili tu kwamba mteja huyu hawezi kuongeleshwa kwa mikono maisha yote. Akaenda Mchikichini, mahali anapokwenda kila mtu wa Ilala anayetafuta kitu asichokuwa na hakika nacho, na kati ya viatu vya mitumba na suruali za watoto akapata kamusi. Ilikuwa ya Kifaransa kwa Kiingereza, jalada limetoka, imefungwa kamba ya katani. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Nilikuwa na Kiingereza cha darasa la tano, na nilikuwa na kamusi nyingine ndogo ya shule, ya Kiingereza kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila neno la Madam Odile lilisafiri kutoka kitabu hiki hadi kile, likafika kwa Mama limechoka.

Neno lililonitesa kuliko yote lilikuwa moja. Kila akipewa jora, Madam alinyoosha mkono akasema, "Laisse-moi sentir." Kisha akakiinua kitenge hadi puani, akavuta pumzi ndefu, akakisugua kwa kidole gumba na cha shahada, akatulia. Hapo ndipo aliposema ndiyo au hapana. Nilimwomba aniandikie lile neno la mwisho, sentir, kwenye daftari langu. Akaandika kwa herufi kubwa mno, zikajaza ukurasa mzima, nikaona hiyo ndiyo raha ya mtu asiyebania karatasi.

Nyumbani nikalitafuta. Sentir lilichukua nusu safu. Nilitarajia neno moja la Kiingereza, nikakuta msafara. Kwanza "smell", kunusa. Halafu "feel", kuhisi. Halafu "sense", kutambua jambo bila kuambiwa. Halafu "taste of", kuwa na ladha ya kitu, na chini yake "be aware", kuwa na habari, na mengine ambayo kamusi yangu ya shule haikuyajua kabisa. Niliyaandika yote, kila moja na Kiswahili chake pembeni, nikamsomea Mama akikatakata bamia. Nilisoma kwa sauti ya mwalimu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Sasa hilo si kusikia tu?" akasema. "Husikii harufu? Husikii baridi? Njaa husikii wewe, na ndiyo kwanza unaniuliza chakula kitaiva saa ngapi?"

Bibi akacheka hadi ushungi ukamwanguka. "Mwenda tezi na omo," akasema, "marejeo ngamani." Mimi sikucheka. Nilikuwa nimezunguka Ulaya nzima jioni ile, kumbe neno lilikuwa limekaa jikoni kwetu.

Toka hapo nikawa mfasiri rasmi wa fremu. Likizo na Jumamosi nilikaa kwenye stuli kando ya Madam, na yeye alikuwa na mchezo wake na mimi. Akishakisikia kitenge, aliniuliza, "C'est quelle couleur, ça?" Hii ni rangi gani? Nikajibu rouge, jaune, bleu, akaniambia niendelee, maua ni rangi gani, pindo ni rangi gani, ndege anaangalia wapi. Nilidhani ananipima Kifaransa changu. Nikajikaza kuliko nilivyojikaza shuleni. Mama naye alikuwa na amri moja tu, aliyoirudia kila Madam alipoingia. "Ukimwambia rangi, mwambie kweli. Kama pana doa, sema pana doa. Kama pamepauka, sema pamepauka." Niliona ni ukali wa bure. Kwani yeye haoni mwenyewe?

Kila safari mpwa wa Madam, msichana mkimya, alimfikisha mlangoni kwa kumshika kiwiko, kisha akaenda zake kutafuta viatu. Madam hakutaka mtu wa kwao amchagulie vitenge. Kuchagua kulikuwa kwake.

Ikaja habari kwamba binti yake wa pekee anaolewa. Huko kwao, wanawake wote wa ukoo siku hiyo huvaa kitenge cha aina moja, kuanzia bibi hadi kichanga, na kitenge hicho huchaguliwa na mama wa bibi harusi. Akikosea, anakosea mbele ya ukoo wote, na picha zinabaki. Madam alipiga simu kwenye duka la jirani akasema anakuja Alhamisi, siku moja tu, na Ijumaa anaondoka. Mama akaenda kwa mwenye jumla, akarudi jioni na majora saba ya mfano, yote kwenye nailoni. Lile ambalo lingependwa, angeagiziwa mzigo mzima. Hatukuwahi kuwa na siku kama ile. Mama alipangusa rafu mara tatu. Alfajiri ya Alhamisi, nikiwa likizo, akaniachia ufunguo, akaenda soko la samaki la Feri kutafuta nguru, maana alitaka Madam ale kwetu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na kwa Mama hiyo haikuwa methali, ilikuwa ratiba.

Mimi nikabaki na majora saba na kimbelembele changu.

Niwaeleze jinsi nilivyofikiri, maana nilifikiri sana, na hapo ndipo penye kichekesho. Kwetu nguo ya harusi haivaliwi bila kufukizwa. Bibi alikuwa akisema nguo ya harusi isiyo na udi ni chai isiyo na sukari. Na hapa palikuwa na nguo za harusi, tena za harusi kubwa, tena za mtu anayependa kunusa kuliko watu wote niliowajua. Nani angefikiri vingine? Kabla ya kwenda dukani nilichukua chetezo cha Bibi uvunguni mwa kitanda chake, nikachukua na kijaluba chake cha udi mzuri, ule wa kutolewa Idi. Mama ntilie wa kona akanipa makaa mawili. Nikashusha mlango wa fremu nusu, nikachana nailoni, nikakunjua ncha ya kila jora na kuifunika juu ya tenga, chetezo chini yake. Nikafanya hivyo kwa yote saba, nikiimba. Moshi ulipanda taratibu, ukaingia kwenye nyuzi, na ile harufu ya wanga na mshumaa ikafa kidogo kidogo mpaka haikuwapo tena. Duka lilinukia kama chumba cha biharusi. Nilijivuna jamani, siwafichi.

Mama alifika na kapu la samaki akakuta Madam Odile ndiyo kwanza anaachwa mlangoni na mpwa wake. Wakaingia pamoja. Nikamwona Mama anavuta pumzi, kisha ananitazama. Madam alisimama pale kizingitini, mkono ukutani, tabasamu alilokuja nalo likaanza kumtoka.

Alipokwisha kukaa kwenye stuli, nikampa jora la kwanza kwa adabu zote. Akaliinua hadi puani, akaliteremsha. Akalisugua. Akaliinua tena. Nikampa la pili, la tatu, na kila mara aliliweka chini upesi zaidi, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko ambao ameshautafuta. La nne alilisugua, akaligeuza, akalisugua tena. Mwanamke yule mkubwa, ambaye kilemba chake kilikaribia kugusa dari, alikuwa amejikunyata kwenye stuli yetu.

"Je ne sens rien," akasema. Hakumwambia mtu. "Je ne sens rien."

Hayo nilikuwa nayajua. Sisikii kitu. Nikashangaa, nikataka kumwambia, husikii vipi na udi wote huu? Nje, winga mmoja alikuwa ameshauona mlango wetu na mteja wetu. "Madam! Madam! Huku kuna mali mpya, njoo uone!" Madam aligeuza kichwa kuelekea kwenye sauti. Akasimama. Nami nikaelewa jambo moja tu, kwamba anaondoka, na kwamba nimemwondosha mimi.

Mama aliliweka kapu chini. Akafuta mikono kwenye khanga yake, akamshika Madam mkono, akamkalisha. Kisha akaniambia niseme maneno yake kama yalivyo, bila kuongeza langu.

"Mwambie mtoto wangu amefukiza nguo kwa heshima ya harusi, ni mila yetu, na ni kosa letu. Mwambie harufu haitarudi leo. Mwambie matano haya ni mazuri. Haya mawili, la maua mekundu na la ndege, nimeyatilia shaka tangu jana kama ni mali halisi. Nilikuwa nangoja pua yake. Sasa namwambia mimi, asiyachukue."

Nilifasiri kwa Kifaransa cha kubandika, nikitafuta maneno, machozi yananitoka. Madam alisikiliza. Hakunitazama mimi wala jora. Alikuwa ameushika mkono wa Mama kwenye kiganja, kidole gumba kimetulia juu ya mshipa, na hakuuachia. Akauliza jambo kuhusu lile la maua mekundu, ambalo ndilo lililokuwa ghali kuliko yote, na Mama akasema tena, hapana. Akauliza la bluu. Mama akasema, hilo hata mimi ningemvalisha mwanangu. Mimi nikaeleza rangi zake zote, nikaeleza hadi uzi uliochomoza pembeni. Winga alikuwa bado anaita huko nje.

"Maintenant, je sens," akasema Madam Odile.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anasema sasa anasikia."

Alichukua la bluu. Alikula nguru kwetu, akakisifu chakula kwa asante nyingi, na wakati wa kuondoka akatuambia karibu. Nilingoja kipigo hadi jioni. Mama alinipa chetezo tu, akaniambia nikakioshe nikakirudishe kwa Bibi kabla hajakiulizia. "Udi ni wa mtu akishachagua," akasema. "Usimfukizie mtu anayetafuta."

Baada ya miezi kadhaa alikuja yule mpwa, peke yake, na picha ya harusi. Wanawake safu mbili, wote bluu yetu, na Madam katikati, amenyooka, anaangalia pembeni kidogo ya pale ambapo wengine wote wanaangalia. Mpwa akasema Tantine, ndivyo alivyomwita Madam, anapumzika sasa, na kwamba yeye ndiye atakayekuwa anakuja. Mama akaichukua picha akaitazama muda mrefu, akaiweka kwenye rafu ya juu. Mimi nilijua kwa nini haji tena. Ni ule udi. Nilimfukuza mteja wa Mama, mtu niliyempenda, kwa kimbelembele changu, na Mama kwa huruma yake hakunisema. Nimeubeba mzigo huo hadi kwenye umri wa mvi, na hadi leo udi ukiwashwa harusini mimi hutoka nje kidogo, nikijifanya napokea simu.

Basi, wiki iliyopita. Nilikitoa kitenge kwenye nailoni, nikampa Mama. Mama hakukikunjua. Alikiinua hadi puani akavuta pumzi, akashika pindo lake katikati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua, akatulia.

"Kizuri," akasema. "Rangi gani hiki, Somoe?"

Nikacheka. "Mama nawe. Si hicho umekishika?"

Hakucheka. Alibaki amekigeuzia uso wake, akingoja nijibu. Nikamtazama macho, nikayatazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya sijui muda gani, nikakaa chini pale pale kwenye mkeka.

"Tangu lini?"

"Ramadhani ya mwaka juzi. Lilianza jicho la kulia." Alisema kama anayetaja bei ya nyanya. "Na usinitangazie kwa watu. Wanaonikatia vitambaa wakijua, wataniuzia matambara."

Mambo mengine huja yote kwa pamoja. Ule mwendo niliouiga. Zile herufi zilizojaza ukurasa wa daftari. C'est quelle couleur, na mimi nikijiona niko kwenye mtihani. Nilimuuliza Mama kama alijua. Akasema alijua siku ya kwanza kabisa, Madam Odile alipoinua mguu mlangoni kuvuka ngazi ambayo haikuwapo. Mfanyabiashara asiyeona, akasema, Kariakoo hii, angevuliwa hadi kilemba. Kwa hiyo Madam alinyamaza, na Mama akamsaidia kunyamaza.

"Kwa nini hukuniambia, Mama? Miaka yote hii nadhani nilimkosea, akatukimbia."

"Hakutukimbia. Macho yalikwisha, akakaa nyumbani. Na wewe nikuambie?" Akatabasamu. "Ungeifasiri mpaka Mchikichini."

Nusu safu nzima ya maana, na nilizinakili zote kwa mkono wangu, kunusa, kuhisi, kutambua. Kuona haikuwamo. Madam Odile alikuwa amebakiwa na neno lile moja la kuchagulia vitenge, na mimi, kwa mapenzi yote, kwa udi wa Idi na makaa ya kuomba, nilimzibia. Siku ile dukani hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa gizani. Na katika giza hilo alimshika mkono mwanamke ambaye angeweza kumuuzia chochote. Ningetamani kumwambia pole, na sijui hata kama yu hai.

Nilimwambia Mama tutaenda hospitali, Jumatatu asubuhi, na sitaki ubishi. Akasema tutaenda, sawa, lakini swali lake halijajibiwa.

"Kijani, Mama," nikasema. "Kijani cha majani ya mgomba. Kina duara za njano, na katikati ya kila duara pana jicho jeusi kama la tausi. Pindo ni la kahawia." Nikakikunjua chote, nikakikagua hadi mwisho. "Na huku pembeni pana doa."

"Kubwa?"

"Dogo. Kama punje ya mchele."

"Basi huko tutakata mkono, litaingia kwenye mshono," akasema, akanyoosha kiganja akipapasa hewani. Nikausogeza mkono wangu, akaushika.